Mama Kasema Hana Neno

Jamani, sogeeni karibu, na mwenye simu aiweke mfukoni. Habari ninayowaletea ni ya nyumba moja tu, lakini nikiwatazama usoni naona kuna nyumba nyingi hapa zinazofanana nayo.

Jumamosi moja asubuhi nyumba hiyo ilikuwa imetulia tuli. Jua limeingia sebuleni hadi chini ya meza, birika linachemka jikoni, na kwenye kochi amekaa bibi mmoja mwembamba, mkoba wake ameupakata kama abiria anayengoja kuitwa. Alikuwa amefika jana yake. Mumewe alikuwa amefariki, na mwanawe wa pekee akamwambia, "Mama, huwezi kubaki peke yako. Njoo ukae kwangu." Mwana mwema, si ndiyo? Ngojeni kwanza.

Huyo mwana, kazini walimwita Mizani, na mwenyewe jina hilo lilimkaa vizuri. Kazi yake ilikuwa hivi. Kabla watu wa kompyuta hawajaandika programu yoyote, lazima apatikane mtu wa kwenda kuwauliza watakaoitumia: mnataka nini, na katika hayo mnayotaka, lipi litangulie? Watu hao huitwa wadau. Mizani alimpa kila mdau uzito wake, mkubwa uzito mkubwa, mdogo uzito mdogo. Kisha kila mdau akatia alama kila jambo, kuanzia sifuri mpaka kumi. Mizani akazidisha, akajumlisha, na jambo lililopanda juu ndilo lililotengenezwa. Lililozama likatupwa. "Hesabu haina mjomba wala shemeji," alipenda kusema, huku akifunga kompyuta yake.

Kazi hiyo siidharau hata kidogo. Bila mtu kama yeye, wenye makelele wangegawana kila kitu na wengine wakaambulia makombo. Shida ni kwamba Mizani aliivaa kazi mpaka akalala nayo. Siku ile ya Jumamosi aliiweka kompyuta juu ya meza ya chakula, akaita familia yake yote kikaoni kuamua bibi alale wapi.

Vyumba vilivyokuwa wazi ni viwili. Kimoja cha mbele, kina dirisha kubwa na kinapakana na chumba cha wenye nyumba. Kingine kiko nyuma ya jikoni, karibu na tangi la maji, zamani kilikuwa stoo. Binti yake Mizani, aliyekuwa akilala sebuleni na mwenye mtihani mbele yake, alitaka cha mbele apate mwanga wa kusomea. Akatia kumi. Mke wa Mizani akasema, "Mimi naona cha mbele apewe mama, awe karibu nasi."

"Hapana," Mizani akamkatiza. "Kila mdau ajisemee mwenyewe. Ndiyo kanuni." Akamgeukia mama yake. "Haya mama, wewe unapenda kipi?"

Bibi akatabasamu. "Popote tu, mwanangu. Mkipenda nyinyi nimependa. Mimi sina neno."

"Una hakika?"

"Sina neno, baba."

Mizani akabonyeza sifuri. Hesabu ikasema, na bibi akabeba mkoba wake kwenda nyuma ya jikoni.

Mkewe alimfuata Mizani mpaka kwenye ngazi za nje. "Mume wangu, mama yako akienda kwa watu akaulizwa kama ana njaa, husemaje?"

"Husema ameshiba."

"Hata kama hajala tangu asubuhi?"

"Sasa mimi nitajuaje, kama hasemi?"

"Wewe si mwanawe?"

Mizani akacheka, akaona mkewe analeta mambo ya moyoni kwenye mambo ya hesabu. Akawasha gari, akaondoka.

Nawaambieni, bibi yule alilelewa zamani, na malezi yale hayatoki kwa sabuni. Akitaka kuingia bafuni, aligonga mlango mara moja. Asipojibiwa, alirudi chumbani kwake akakaa kungoja. Mjukuu wake alimcheka, "Bibi, gonga tena, labda hakuna mtu!"

"Kama yupo, amesikia, mjukuu wangu. Nikigonga tena nitakuwa namfukuza."

Kila mtu nyumbani alicheka. Mizani alicheka kuliko wote.

Wakati huo alikuwa amepata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Hospitali moja ilitaka kubadilisha kengele za wodini, zile anazobonyeza mgonjwa akiwa kitandani ili muuguzi aje. Za zamani zilipiga kelele wodi nzima, kelele za kuamsha wafu. Mkurugenzi alitaka utulivu, kwa sababu wageni wakubwa walikuwa wakija kutembelea. Madaktari walilalamika kwamba wagonjwa wanabonyeza kwa mambo ya kipuuzi, huyu anataka mto, yule anataka kujua chai inakuja saa ngapi.

Mizani akaanza kupima. Mkurugenzi akapewa uzito wa juu, madaktari wakamfuata, halafu wauguzi, halafu wagonjwa, na mwisho kabisa ndugu wa wagonjwa, maana hao, alisema, ni wapita njia. Akaenda wodini mwenyewe kuwauliza wagonjwa, kitanda hadi kitanda. Wachangamfu walimweleza mengi. Walitaka kengele inayojua kwamba wamebonyeza tena na tena. Wagonjwa hoi walimtazama tu, wakasema, "Tunashukuru. Hatuna neno." Wenye mipira ya hewa puani hawakusema kitu. Wote hao akawatilia sifuri.

Jamani! Mtu amelala chali, sindano unayo wewe, dawa unayo wewe, unamwinamia unamuuliza kama ameridhika! Atakujibu nini? Lakini Mizani alisema kunyamaza ni kukubali, na karatasi zake zikajaa watu walioridhika.

Kengele mpya ikawa hivi. Ukibonyeza, haitoi sauti. Namba ya kitanda chako inawaka kwenye skrini mezani kwa Sista wa wodi. Ukibonyeza tena, namba inapanda. Ukizidi kubonyeza, inazidi kupanda, inakuwa nyekundu. Ukibonyeza mara moja ukaacha, namba yako inakaa chini, na kila anayekuja juu anakusukuma chini zaidi.

"Mwenye shida ya kweli atabonyeza tena," daktari mmoja alisema kikaoni, na wote wakatikisa vichwa kukubali. Mkurugenzi akapiga makofi. Sista naye alifurahi, kichwa kilikuwa kinamuuma kwa zile kelele. Hakuna aliyeulizwa akabaki na kinyongo. Nyinyi mnaonisikiliza, tundu mmeliona? Basi kule kikaoni hakuna aliyeliona, na walikuwa wasomi watupu.

Siku za kuwasha kengele hiyo zilipokaribia, mke wa Mizani aliingia kwa mama mkwe wake kuchukua shuka za kufua. Akamkuta ameegemea ukuta, mito yote mgongoni. Ukuta ule ulikuwa na unyevu wa tangi, rangi imebabuka. Miguu ya bibi ilikuwa imevimba, ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki.

"Mama! Tangu lini?"

"Kitambo kidogo, mwanangu. Nikilala chali pumzi inakata. Nikikaa hivi inarudi."

"Na hukusema?"

"Mnarudi mmechoka. Sikutaka kuwasumbua."

Mke akamwita Mizani mbio. Mizani alikuja na simu sikioni. Alipoona ile miguu alishtuka, msidhani alikuwa na moyo wa jiwe, alimpenda mama yake. Akapiga magoti, akamshika mikono. "Mama, twende hospitali leo, au unaweza kungoja kidogo nimalize uzinduzi? Nikimaliza nitakuwa na nafasi ya kukuhudumia vizuri. Unapenda lipi?"

Mkewe akaruka. "Wee! Mgonjwa haulizwi uji! Mama huyu anaumwa, unamuuliza anapenda lipi?"

"Nampa nafasi ya kuamua, ni haki yake."

Bibi akamtazama mkwewe, akamtazama mwanawe, akaona ugomvi unanukia kwa ajili yake. "Nitangoja," akasema. "Sina neno."

Basi wakangoja. Uzinduzi ukafanyika, utepe ukakatwa, Mizani akapigwa picha kando ya skrini. Aliporudi nyumbani, mama yake hakuweza kumaliza sentensi bila kutweta. Ndipo alipombeba yeye mwenyewe hadi kwenye gari, huku akilia kama mtoto.

Bibi alilazwa kwenye wodi ileile ya kengele mpya. Madaktari walisema ni moyo, umechoka kusukuma damu, na maji yamejaa mwilini. Walisema pia amechelewa kuletwa, lakini wakijitahidi atapata nafuu. Na kweli akaanza kupata nafuu. Uvimbe ulipungua, akala, akamtania mjukuu wake. Mizani akapumua. Akakaa kitandani kwa mama yake, akamwonyesha kitufe kidogo cheupe kilichoning'inia kwenye waya.

"Mama, hii nimeitengeneza mimi. Ukitaka kitu, bonyeza hapa."

"Haipigi kelele?"

"Haipigi. Haimsumbui mtu."

Uso wa bibi ukang'aa. "Hapo umefanya jambo, mwanangu." Alikishika kile kitufe kwa ncha za vidole, kama kitu cha kuazima.

Mizani hakumwambia abonyeze tena na tena. Haikumjia akilini. Kanuni ile aliijua kama jina lake, lakini hakuona kwamba inamhusu bibi anayegonga mlango mara moja. Mkewe angeona, lakini mkewe hakuwahi kuelezwa kanuni yenyewe, kwa kuwa ndugu wa wagonjwa walikuwa wapita njia.

Ikafika alasiri moja, saa za kutazama wagonjwa. Mizani aliingia hospitali na mfuko wa matunda kumpelekea mama yake, lakini Mkurugenzi akamdaka mlangoni. Alikuwa na wageni kutoka hospitali nyingine, wenye suti, waliotaka kununua kengele kama ile. "Mwenyewe huyu hapa!" Mkurugenzi akasema. "Waeleze, waeleze."

Wakajipanga mbele ya meza ya Sista. Skrini ilikuwa imejaa namba. Juu kabisa kulikuwa na namba nyekundu inayometameta. Muuguzi akapita mbio, akarudi akicheka kwa uchovu: ni mzee wa kitanda cha kona, anataka chaneli ibadilishwe, mpira umeanza. Wageni wakacheka.

"Mnaona?" Mizani akasema. "Mdau mwenye shida kubwa anapanda mwenyewe. Hakuna upendeleo."

Mgeni mmoja akanyoosha kidole chini ya skrini, kwenye namba ya mwisho, iliyofifia. "Na huyu je? Naona yuko hapa tangu tumesimama."

Mizani akainama kuitazama. Haikuwa namba ya kitanda cha mama yake, hiyo aliijua. "Huyu amebonyeza mara moja tu," akasema. "Pengine anataka mto. Angekuwa na shida angebonyeza tena."

"Kwa hiyo anaweza kusubiri?"

"Anaweza kabisa."

Namba nyingine ikaingia, ile iliyofifia ikasukumwa, ikatoka kwenye skrini. Mgeni akaandika kitu kwenye simu yake. Mkurugenzi akawakaribisha chai ofisini, na Mizani akaenda nao, mfuko wa matunda mkononi, akijiambia kwamba mama yake atamngoja, hana neno.

Chai haijamiminwa, ukelele ukasikika. Mizani aliijua sauti ile. Ni mkewe.

Alikimbia mpaka kile kitanda alichokizoea, akakuta amelala mtu mwingine, mwanamke mgeni aliyemtumbulia macho. Mwisho wa wodi, dirishani, watu walikuwa wamezunguka. Sista alikuwa amemhamishia bibi pale asubuhi ile ili apate hewa zaidi, kwa wema tu. Mkewe Mizani alikuwa amemkumbatia mama mkwe wake, anamtikisa, anamwita. Daktari akaja, akasukuma kifua, akasukuma tena. Kisha akaacha. Kitufe cheupe kilikuwa bado mkononi mwa marehemu, kidole gumba juu yake, na ukutani juu ya kitanda ilikuwepo namba ile iliyofifia kwenye skrini.

"Alibonyeza?" mkewe akauliza. Aliuliza polepole, akimtazama Sista.

Sista alikuwa anamtazama Mizani, na machozi yanamtoka.

"Nakuuliza, alibonyeza au hakubonyeza?"

"Alibonyeza," Mizani akasema. "Mimi nimeona." Akakaa sakafuni, matunda yakabingirika chini ya vitanda. "Nimeona mwenyewe, nikasema anataka mto."

Siwaelezi msiba ulivyokuwa. Nyote mmewahi kuzika. Nitawaambia tu kwamba mkewe hakumgombeza. Angemgombeza ingekuwa nafuu. Alimwandalia chakula, akamfulia nguo, akamjibu anapoulizwa, basi. Binti yao alikihama chumba cha mbele bila kuambiwa, akarudi kulala sebuleni, chumba kikabaki wazi na dirisha lake kubwa.

Mizani alipopata nguvu alikwenda kwa Mkurugenzi. "Tubadilishe kengele ile," akasema. "Anayebonyeza mara moja akanyamaza ndiye wa kukimbiliwa kwanza. Mwenye nguvu ya kubonyeza mara kumi ana nguvu ya kungoja."

Mkurugenzi alimpa pole, pole ya kweli, akamshika bega. Kisha akasema, "Lakini ndugu yangu, unajua utaratibu. Wadau walikubaliana. Hatuwezi kubadilisha kwa sababu ya mtu mmoja mwenye uchungu. Tuitishe kikao."

Kikao kikaitishwa. Mwenzake Mizani wa ofisini ndiye aliyeshika kompyuta, kwa sababu Mizani alikuwa likizo ya msiba. Mkurugenzi akatia alama zake, kengele ibaki. Madaktari wakatia zao. Wauguzi wakagawanyika. Kisha yule mwenzake akainua macho, akauliza kwa aibu, "Bosi, wewe leo nikuandike kama nani?"

Mizani hakuwa daktari, hakuwa muuguzi. Wagonjwa walikuwa vitandani, na mgonjwa wake hakuwepo tena. "Ndugu wa mgonjwa," akasema.

Mwenzake akazidisha, akajumlisha. Ombi la Mizani likawa la mwisho. Alipiga meza, akapaza sauti, akalia mbele ya watu, akawaeleza mama yake alivyokuwa. Walimsikiliza kwa heshima. Daktari mmoja alifuta macho. Lakini hakuna aliyejua uchungu ule uandikwe sehemu gani ya jedwali, na jedwali alilitengeneza Mizani mwenyewe. Kengele ikabaki.

Tangu hapo akaanza mtindo wa kwenda wodini kila saa za kutazama wagonjwa. Alikaa kwa wale wasio na mtu, wale hoi, wale wanaosema hawana neno. Aliwauliza, akangoja, akauliza tena kwa namna nyingine. Akiona mtu anatweta, alikishika kitufe chake akabonyeza, akabonyeza, akabonyeza, mpaka skrini ya Sista ikawa nyekundu tupu. Wauguzi walimvumilia. Wenye nguvu wakaanza kulalamika kwamba wanacheleweshwa, na malalamiko yao, kama mnavyojua, yana uzito. Mkurugenzi akamwandikia mlinzi wa getini.

Sasa haruhusiwi kuingia. Ukipita pale alasiri utamkuta amesimama nje ya ukuta, upande wa madirisha ya wodi, anatazama juu. Wale wageni wenye suti walinunua kengele ile, wakaipeleka kwao. Wengine nao wameisikia sifa yake. Siwezi kuwaambia imefika hospitali ngapi, wala kama ndiyo iliyoning'inia kitandani kwa mtu wako leo.

FUNZO

Mnataka nimalizie kwa kusema Mizani alikuwa mtu mbaya? Sisemi. Mtu mbaya hangeuliza kabisa. Yeye aliuliza kila mtu, na hapo ndipo alipopotea, alidhani akishauliza amemaliza. Kuuliza ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumjua unayemuuliza: anakuogopa? Anakuonea haya? Anakuhurumia? Ana pumzi ya kukujibu? Mzazi anayesema "sina neno" amebeba maneno tele, ameyameza ili wewe usigombane na mkeo. Ukimwandikia sifuri, umemwonea.

Na nyinyi mnaopanga mambo ya watu, muwe wa kompyuta, wa ofisi, wa kamati ya mtaa au wa meza ya chakula nyumbani, lazima mpime, hilo halina ubishi, vitu havitoshi kwa wote. Lakini kabla ya kutoa uzito, tazameni nani ataumia zaidi mkikosea, na huyo mumpe uzito hata kama hakusema lolote. Asiyekuja kikaoni mfuateni alipo. Asiyeweza kusema, aulizwe anayemjua, msimwambie kwamba kila mtu ajisemee. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huo hauna taabu ya kusikika. Taabu ni kwamba ukishausikia, aliyekuwa kimya keshaondoka.

Kwa hiyo mkirudi makwenu leo, kuna mtu mmoja mtamkuta amekaa pembeni, hajalalamika. Msimuulize mara moja mkaondoka. Kaeni naye.